Klorini Inayobaki: Kutunza Bwawa la Kuogelea Kisian

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, ukapita uwanja wa ndege na soko la Otonglo, unafika Kisian, pale njia inapogawanyika: moja inapanda kuelekea Maseno na Busia, nyingine inashika njia ya Bondo. Kwenye miteremko yenye mawe makubwa iliyo juu ya njia panda hiyo, hadi upande wa Riat, watu wanajenga, na baadhi ya nyumba mpya zina bwawa la kuogelea nyuma. Mgeni hushangaa. Mtu anayeliona Ziwa Viktoria kutoka barazani kwake anachimba bwawa la nini?

Mwenyeji hahitaji kufikiri sana kabla ya kujibu. Maji ya kingo za ziwa yana konokono wanaobeba kichocho. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambao kituo chao kiko hapo hapo Kisian, waliwafuatilia kwa miaka waosha magari wa ufukwe wa Kisumu, watu wanaosimama majini tangu asubuhi. Walitibiwa kwa prazikwanteli, wakarudi kazini, na wengi wakaambukizwa tena, wengine upesi sana. Sehemu ya matokeo hayo ilichapishwa mwaka 2002 katika jarida la The Lancet. Mzazi anayelijua hilo anataka watoto wake wajifunze kuogelea mahali pengine, naye ana haki. Lakini akishajenga bwawa, usalama wa watoto wale unategemea kemikali moja isiyoonekana kwa macho, na jinsi inavyotunzwa katika nyumba nyingi inanitia wasiwasi.

Tatizo kubwa ni kuhesabu klorini kwa vikombe. Muulize mhudumu hali ya bwawa, atakuambia: jana nilitia vikombe viwili. Hiyo ni habari ya jana. Kinachomlinda mtoto anayeruka majini saa nne asubuhi ni klorini iliyomo majini saa hiyo, baada ya jua, jasho, majani na wadudu kuchukua sehemu yao. Vikombe viwili vya jana huenda vimeacha miligramu 3 kwa lita. Huenda havikuacha kitu.

Nyanza hii yetu ilijifunza somo la klorini inayobaki kwa gharama kubwa, kwenye maji ya kunywa. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998 wagonjwa 14,275 walilazwa kwa kipindupindu katika mkoa huo, na 547 wakafariki. Miaka iliyofuata, chupa za WaterGuard, dawa ya klorini ya maji ya kunywa, ziliingia majumbani: kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20 wa maji maangavu, viwili kwa maji yenye tope, kisha subiri nusu saa. Kifuniko kimoja kinatoa karibu miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Hata hivyo, katika miradi hiyo, nyumba inayotumia dawa haikutambuliwa kwa kuhesabu vifuniko. Maji yalichotwa mtungini, yakatiwa kemikali ya kupimia, yakatazamwa kama yanageuka waridi. Kilichotafutwa ni klorini iliyobaki, angalau miligramu 0.2 kwa lita baada ya saa 24. Jaribio lililofanywa vijijini magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2005 katika British Medical Journal lilionyesha kwamba klorini ilipunguza kuhara hata pale ambapo maji yenyewe yalichotwa machafu na yenye tope.

Kanuni hiyo hiyo inatawala bwawa la kuogelea, ila bwawa lina masharti magumu zaidi. Mtungi una mfuniko. Bwawa liko wazi juani. Maji ya mtungi huisha kwa siku moja au mbili, ya bwawa hukaa miaka. Na hakuna anayeingia ndani ya mtungi na jasho lake, mafuta yake ya kujipaka na, tuseme ukweli, mkojo wa watoto wadogo.

Anza kwa kujua bwawa lako lina maji kiasi gani. Tuchukue la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili. Wastani wa kina ni mita 1.5, kwa hiyo maji ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita kunahitaji gramu 48 za klorini halisi. Dawa ya unga yenye kalsiamu hipokloriti ya asilimia 65 itabidi uitie gramu 74. Chenga za TCCA, yaani asidi ya trikloroisosayanuriki, za asilimia 90 zitatosha gramu 53. Kwa nini napigania gramu? Kwa sababu kikombe cha unga laini na kikombe cha chenga havina uzito sawa, na asilimia iliyoandikwa kwenye ndoo hubadilika kutoka dawa moja hadi nyingine. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi huo. Iweke ya dawa peke yake, isirudi jikoni tena.

Bwawa la nyumbani nalishauri libaki na miligramu 2 hadi 3 kwa lita za klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, likipimwa asubuhi kabla ya watu kuingia. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, inataka isipungue 1, au 2 kama maji yana kinga ya jua nitakayoieleza sasa hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu mabwawa unataka klorini huru isizidi 3 katika mabwawa ya umma. Nafasi kati ya kidogo mno na kingi mno ni ndogo, nayo inawezekana kuilinda, mradi ujue nani anaila klorini yako.

Mlaji mkubwa ni jua. Kisian iko jirani kabisa na ikweta; ukiendelea na barabara ya Busia mstari wenyewe unakutana nao Maseno. Hatuna miezi ya jua hafifu kama wenzetu wa Ulaya, ambako vitabu vingi vya mabwawa vimeandikwa. Klorini isiyo na kinga, ikipigwa na jua kali la adhuhuri, hupungua kwa nusu katika muda usiofika saa moja. Ukitia dawa saa tatu asubuhi na watoto wakaingia saa nane mchana, wameingia kwenye maji ambayo huenda hayana ulinzi hata kidogo. Ndiyo maana nasema dawa itiwe jioni, jua likishazama, pampu ikiwa inazunguka. Usiku kucha klorini itafanya kazi yake bila kuibiwa.

Kinga ya jua ni asidi ya sayanuriki, ile ambayo wauzaji huiita stabilaiza. Huishika klorini kwa ulegevu, huikinga na miale, kisha huiachia kidogo kidogo inapohitajika. Miligramu 30 kwa lita zinatosha. 50 ndiyo mwisho ninaoukubali. Hapa pana mtego ambao umewaingiza wengi gharama bila kujua sababu. TCCA, iwe ya vidonge au ya chenga, ina asidi hiyo ndani yake. Kila unapotia klorini ya miligramu 10 kwa njia ya TCCA, unatia pia miligramu 6 za sayanuriki. Klorini huliwa na jua na uchafu, ikaisha. Sayanuriki haiishi.

Fanya hesabu. Bwawa linalopoteza miligramu 2 za klorini kwa siku, likijazwa kwa TCCA pekee, linaongezewa miligramu 1.2 za sayanuriki kila siku, yaani 36 kwa mwezi. Miezi mitatu haijaisha, umeshavuka 100. Kufikia hapo klorini imeshikwa kiasi kwamba kipimo kinaonyesha 3, ilhali mwani unaota kwenye pembe na maji yanaanza kupoteza ung'aavu. Mhudumu anaongeza vidonge. Vidonge vinaongeza sayanuriki. Mwenye nyumba analalamika kwamba dawa ya siku hizi ni hafifu.

Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa wanajazia maji kila wiki, maji yao yanabadilika. Hayabadiliki. Kwa joto letu, bwawa la wazi linaweza kupoteza takriban milimita 5 kwa siku kwa kukauka. Kwenye bwawa letu la mfano hizo ni lita 160 kila siku. Ni kama sufuria ya mchuzi jikoni: mvuke unaondoka, chumvi inabaki. Sayanuriki hupungua kwa njia moja tu ya kutegemewa, nayo ni kutoa maji na kuingiza mapya. Ukitoa nusu, inapungua kwa nusu. Mvua kubwa za Machi hadi Mei husaidia kidogo bwawa likifurika, lakini usitegemee mbingu kukufanyia hesabu.

Msimamo wangu ni huu. Tumia TCCA mwanzoni, au sayanuriki yenyewe, mpaka maji yafike 30. Baada ya hapo hamia kwenye kalsiamu hipokloriti au sodiamu hipokloriti ya maji kwa dawa ya kila siku, na vidonge vibaki kwa wiki unazosafiri. Kalsiamu hipokloriti nayo ina deni lake: huongeza ugumu wa maji, na kama unatumia maji ya kisima ambayo tayari ni magumu, utaona utando mweupe kwenye vigae. Sodiamu hipokloriti ya maji nayo hupoteza nguvu joto likiwa kali. Usinunue madumu ya kukaa miezi sita kwenye stoo ya mabati. Pamoja na kasoro hizo zote, bado naona nafuu kuzikabili kuliko kumwaga nusu ya bwawa kila robo ya mwaka.

Sayanuriki hupimwa kwa kuchanganya maji ya bwawa na kemikali inayoyafanya yawe meupe kama maziwa, kisha unayamimina kwenye mrija mpaka doa jeusi chini yake lipotee machoni. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Tuje kwenye pH. Watu huipima kwa ajili ya macho na ngozi, wakasahau kwamba ndiyo inayoamua nguvu ya klorini. Klorini ikiingia majini hugawanyika sehemu mbili: asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji hodari wa vijidudu, na hipokloriti, ambayo ni dhaifu mno. Katika pH ya 7.2, karibu theluthi mbili iko katika umbo lenye nguvu. Ikifika 7.5 ni nusu. Ikipanda 8, inabaki takriban robo. Kwa hiyo mabwawa mawili jirani, yote yakiwa na miligramu 2, yanaweza kutofautiana nguvu karibu mara tatu. Shikilia kati ya 7.2 na 7.6. Bwawa jipya la saruji hupandisha pH kwa miezi kadhaa, na kalsiamu hipokloriti huisukuma juu pia, TCCA huishusha. Kushusha hutumika asidi, kupandisha hutumika magadi, na vyote hutiwa kidogo kidogo, kwa kupima kabla na baada.

Sasa harufu. Karibu kila mtu huamini kwamba bwawa linalonuka klorini na kuwasha macho limetiwa dawa nyingi mno, na hatua inayofuata ni kupunguza dawa. Ni kinyume. Harufu ile kali hutoka kwenye kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na amonia na yurea za jasho na mkojo. Imeshatumika, nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo sana, na inachobaki kukifanya ni kuwasha macho na koo. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha na maji safi halinuki sana. Kwa hiyo kipimo cha klorini huru pekee hakitoshi; pima na klorini jumla. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo klorini iliyofungwa, na inafaa isizidi 0.2.

Tuseme jumla ni 3 na huru ni 1.8. Iliyofungwa ni 1.2. Dawa ya hali hiyo ni kutia klorini nyingi kwa mkupuo, takriban mara kumi ya ile iliyofungwa, ili kloramini zivunjike zote. Hapa ni miligramu 12 kwa lita; kwa lita 48,000 ni karibu gramu 890 za kalsiamu hipokloriti ya asilimia 65. Usiifanye kazi hii kwa TCCA, maana utaingiza sayanuriki 7 kwa usiku mmoja. Ukitia nusu ya kiasi ukaogopa kuendelea, huenda ukaongeza kloramini badala ya kuziondoa. Fanya jioni, pampu izunguke usiku kucha, kama bwawa lina paa fungua madirisha yote, na mtu asiingie mpaka klorini huru irudi chini ya 4.

Kipimo chenyewe kina hila zake. Kile cha matone kinachogeuza maji kuwa ya manjano hupima klorini jumla tu, kwa hiyo hakiwezi kukuambia kama unachokiona ni klorini hai au kloramini. Karatasi za kuchovya ni bora kuliko kukisia, basi. Ninachokipendekeza ni kipimo cha DPD, chenye vidonge vinavyogeuza maji kuwa waridi: kidonge namba 1 kwa klorini huru, kisha namba 3 juu yake kwa jumla. Lakini jihadhari na jambo moja. Klorini ikizidi sana, kupita miligramu 10 hivi, huiunguza rangi yenyewe. Maji yanawaka waridi kwa nukta moja na kurudi meupe, na mtu asiyejua anasoma sifuri, anatia dawa nyingine juu ya maji ambayo tayari yanaweza kuumiza. Ukiona hivyo, changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji ya kunywa ya chupa, pima tena, kisha zidisha kwa tano. Chota sampuli kwa kuzamisha mkono hadi kiwiko, mbali na bomba linaloingiza maji.

Walaji wengine wa klorini wana uhusiano na ziwa letu. Wakazi wa kando ya Ghuba ya Winam wanawajua visubi wa ziwani, yale mawingu ya wadudu wadogo yanayopanda kutoka majini na kufuata taa usiku. Bwawa lenye taa za chini ya maji linawaita. Asubuhi uso wa maji una utando wa wadudu waliokufa, na kila mmoja wao ni chakula cha klorini. Zima taa za bwawa msimu wao ukifika, opoa kwa wavu kabla ya jua kupanda, na tazama kikapu cha uchafu kabla hujashika ndoo ya dawa. Vilevile mvua za alasiri za bonde hili huteremsha udongo mwekundu kutoka mlimani. Mfereji wa kuzungushia bwawa upande wa juu utakuokolea klorini nyingi kuliko dawa yoyote ya mwani utakayouziwa.

Stima ikipotea, pampu inasimama, na vidonge vilivyoachwa kwenye kikapu cha kunyonyea uchafu vinaendelea kuyeyuka mahali pamoja. Maji pale huwa asidi kali yanayokula vyuma na pampu. Viweke kwenye kibebeo kinachoelea.

Jambo la maji ya kujazia linastahili nafasi yake. Maji ya KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, yamesafishwa na kutiwa klorini kabla hayajakufikia. Maji ya boza yanategemea boza limejazia wapi, na wapo wanaovuta maji moja kwa moja ziwani. Ukiletewa maji mabichi ya ziwa, mtu yeyote asiingie, hata fundi wa kusugua kuta. Mabuu ya kichocho yanayotoka kwa konokono huishi kama siku mbili tu yasipopata mwili wa kuingia, kwa hiyo maji yakikaa saa 48 bila konokono ndani yake, hatari hiyo imepita. Lakini konokono wenyewe wanaweza kuingia kwa mpira wa kuvutia, kwa hiyo weka wavu mdomoni. Halafu toa tope kwanza: shabu, yaani ile inayotumika kutuliza maji, itiwe kwa kiasi kilichojaribiwa kwenye ndoo, pampu izimwe usiku, na asubuhi tope lililolala chini livutwe nje moja kwa moja bila kupitishwa kwenye kichujio. Klorini inayotiwa kwenye maji ya tope huishia kwenye tope. Na maji ya kisima yakigeuka rangi ya chai mara tu baada ya kutiwa klorini, ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake. Achia kichujio kiyashughulikie kabla ya kuongeza kitu kingine.

Halafu kuna mtoto aliyejisaidia majini. Hutokea, na namba zake inafaa zibandikwe ukutani. Klorini ya miligramu 1 katika pH ya 7.5 na joto la nyuzi 25 huua bakteria wa aina ya E. koli hatari chini ya dakika moja, virusi vya homa ya ini A katika dakika 16 hivi, na giadia katika dakika 45. Bakteria wa kipindupindu naye ni dhaifu mbele ya klorini. Kriptosporidiamu, kimelea kinacholeta kuhara, ni habari nyingine: inahitaji dakika 15,300, yaani zaidi ya siku kumi. Kwa choo kigumu, toa watu, kiopoe, shikilia klorini 2 na pH isiyozidi 7.5 kwa dakika 25 kabla ya kufungua. Kwa kuharisha, CDC inataka miligramu 20 kwa saa 12 na dakika 45 katika maji yasiyo na sayanuriki. Maji yakiwa nayo, ishushwe kwanza hadi 15 au chini yake, na miligramu 20 zikae saa 28. Ndiyo sababu nyingine ya kuichunga sayanuriki siku zote. Na mtoto anayehara asiingie bwawani mpaka wiki mbili zipite tangu kuhara kukome, kama ugonjwa wake ulithibitishwa kuwa kriptosporidiamu.

Kuhusu stoo nitasema kwa ukali, maana watu hupoteza macho na mapafu. TCCA na kalsiamu hipokloriti zisikutane kamwe, hata kwa kijiko kimoja kilichotumika pande zote mbili. Zikichanganyika zinaweza kuwaka na kulipuka. Klorini na asidi zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari huko Ypres mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Weka asidi chumba kingine. Tia dawa kwenye ndoo ya maji, usimimine maji juu ya dawa. Anayefanya kazi hiyo apewe glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa inayofaa, na asimame upande upepo unakotoka. Mara nyingi huyo ni kijana aliyeajiriwa kufyeka nyasi na kufungua lango, na hakuna aliyemfundisha. Ni wajibu wa mwenye nyumba kumfundisha.

Maji ya kumwaga nayo yana adabu yake. Kisian yote inateremka ziwani, kwenye ngege na mbuta tunaowala. Klorini kidogo mno inatosha kuua samaki na vifaranga vyao, na kanuni za Kenya za ubora wa maji zinakataza kuchafua vyanzo vya maji. Acha kutia dawa siku kadhaa kabla ya kutoa maji, pima mpaka klorini isomeke sifuri, au tumia thayosulfeti ya sodiamu kuimaliza, kisha yaelekeze polepole kwenye nyasi zako, mbali na mfereji wa barabara.

Kipimo cha DPD ni nafuu kuliko ndoo kubwa ya klorini. Kinunue kabla ya ndoo inayofuata, mpe anayekutunzia bwawa pamoja na daftari, na mwombe aandike kila asubuhi, kabla mtoto hajaingia majini, klorini huru, klorini jumla na pH. Siku ambayo namba hizo hazijaandikwa, bwawa libaki limefungwa.